Kelele za ndege ndani ya nyumba: namna ya kuzizuia, kuanzia ufa hadi paa

Panapopita hewa, sauti nayo hupita. Ndege inayopaa juu ya nyumba huingiza kelele kwa njia zote kwa pamoja: dirisha, upenyo wa chini ya mlango, tundu la hewa ukutani, uwazi ulio kati ya ukuta na paa, na paa lenyewe. Ndiyo maana mtu anaweza kunenepesha ukuta kwa gharama kubwa, kisha ndege ya alfajiri ikamwamsha vilevile. Ukuta haukuwa tatizo.

Hesabu moja inatosha kuonyesha hilo. Chukua upande wa chumba wenye mita za mraba 10. Mita 8 ni tofali zilizopigwa lipu, zinazokata desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 50 hivi. Mita 2 ni dirisha la kioo chembamba linalokata desibeli 28. Kwa pamoja, upande huo unakata desibeli 35 tu. Ukiuongezea ukuta hadi ukate 60, jumla inabaki 35. Ukiuacha ukuta kama ulivyo na kulipandisha dirisha hadi 42, jumla inafika karibu 47. Sikio husikia pungufu ya desibeli 10 kama sauti iliyoshuka nusu, kwa hiyo kazi ya dirisha imepunguza kelele kwa zaidi ya nusu, na kazi ya ukuta haikupunguza kitu.

Mianya ni mibaya kuliko kioo, maana mwanya ulio wazi haukati chochote. Uwazi wenye asilimia 1 ya eneo la ukuta unaufanya ukuta huo usivuke desibeli 20, hata uwe wa zege. Uwazi wa asilimia 0.1 unaukwamisha kwenye 30. Hapa ndipo utaratibu wa kazi unapotokea: mianya kwanza, kisha madirisha, kisha paa na dari, kisha milango. Suala la hewa safi lipangwe kabla hujaziba hata tundu moja, kwa sababu tutakazozieleza.

Anza na chumba kimoja, cha kulala, ukimalize. Nyumba nzima iliyofanyiwa kazi nusunusu haimpi mtu usingizi; chumba kimoja kilichokamilika kinampa.

Pima kabla hujanunua kitu

Tafuta simu mbili za aina moja zenye programu ileile ya kupima sauti. Ziweke pamoja kwanza na uone kama zinasoma sawa. Zikitofautiana, andika tofauti hiyo na uitoe baadaye. Simu moja ikae nje, mita 2 kutoka ukutani. Nyingine ikae katikati ya chumba, kimo cha mita 1.2 hadi 1.5, angalau mita 1 kutoka ukuta wowote. Funga madirisha na milango. Andika kilele cha kila ndege, nje na ndani, kwa ndege zisizopungua 10, ukitenganisha zinazopaa na zinazotua. Wastani wa tofauti ya nje na ndani ndio uwezo wa chumba chako kwa sasa.

Dirisha likiwa wazi, utapata desibeli 10 hadi 15. Madirisha ya kawaida yakifungwa, 20 hadi 25. Chumba kilichofanyiwa kazi nzuri hufika 30 hadi 35 na kuzidi. Ukipata chini ya 20 na kila kitu kimefungwa, una mianya mikubwa, na hiyo ni habari njema, kwa kuwa mianya ndiyo rahisi kutibu.

Fahamu upungufu wa simu: maikrofoni yake haisikii vizuri muungurumo mzito wa chini. Simu inaweza kuonyesha maendeleo mazuri wakati kifua chako bado kinahisi mtikisiko wa ndege inayopaa. Usomaji wake utumie kulinganisha kabla na baada, usiutumie kama ushahidi mbele ya mamlaka.

Vilevile usichanganye kilele cha ndege moja na viwango vinavyotajwa na mashirika. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa Ulaya wa mwaka 2018 unapendekeza kelele za ndege ziwe chini ya desibeli 45 kwa wastani wa siku nzima, na chini ya 40 kwa wastani wa usiku. Mpango wa Marekani wa kuzuia kelele majumbani hulenga nyumba zilizo kwenye wastani wa 65 au zaidi nje, ili ndani pashuke hadi 45. Hizo zote ni wastani za muda mrefu. Bado inafaa kuuliza uwanja wa ndege ulio karibu nawe kama una ramani ya viwango vya kelele na kama una mpango wa kuchangia gharama. Uliza kabla ya kuanza kazi, kwa sababu mipango mingi hailipii kilichokwisha fanywa.

Kuwinda mianya

Usiku, zima taa zote za ndani, mwenzako atembeze tochi kali nje kandokando ya fremu za madirisha na milango. Kila mstari wa mwanga unaouona ni njia ya sauti. Mchana wenye upepo, pitisha kijiti cha ubani kinachofuka moshi kwenye maungio yaleyale, pamoja na soketi za umeme, matundu ya mabomba, tundu la bomba la kiyoyozi na mfuniko wa dari. Moshi ukiyumba, pana mwanya.

Mahali panaposahaulika kuliko pote ni kati ya fremu ya dirisha na ukuta. Fundi huacha nafasi ya milimita 10 au zaidi ili fremu ikae sawa, anapuliza povu, kisha anafunika kwa ukanda wa urembo. Kwa macho dirisha limekamilika; kwa sauti limezungukwa na tundu. Ng'oa ukanda mmoja uangalie. Ukikuta povu tupu au uwazi, kwangua, futa vumbi, sindilia kamba ya povu iliyo nene kuliko mwanya kwa robo hivi, halafu juu yake paka silikoni au akriliki isiyokauka ikawa ngumu. Pande zote mbili, nje na ndani. Nafasi inayozidi milimita 20 ijazwe udongo wa saruji kwanza, kisha pembeni ndipo ipakwe silikoni.

Povu la kupuliza ni jepesi mno kukata sauti peke yake. Linaweza kushika nafasi, lakini lazima lifunikwe kwa lipu ya angalau milimita 20. Na kizibo kinachokauka kikawa kama jiwe hupasuka ndani ya mwaka mmoja, maana fremu za alumini hutanuka na kusinyaa kwa joto. Ufa wake huwa mwembamba kama unywele na unapitisha sauti kuliko unavyodhani.

Soketi mbili zilizotazamana mgongo kwa mgongo kwenye ukuta mmoja ni tundu lililofunikwa kwa plastiki. Zima umeme kwenye swichi kuu, toa kifuniko, ziba matundu ya waya nyuma ya boksi kwa kizibo kisichoshika moto.

Madirisha

Hapa ndipo fedha nyingi inapopaswa kwenda, na hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Dirisha la vioo viwili linalouzwa kwa ajili ya kuzuia joto au baridi, yaani kioo cha milimita 4, nafasi ya 12, na kioo kingine cha 4, halishindi sana kioo kimoja kinene kwa kelele za ndege. Sababu ni kwamba vioo viwili na hewa iliyo katikati hufanya kazi kama mizigo miwili iliyounganishwa kwa springi. Springi hiyo ina mtetemo wake wa asili, na kwenye mtetemo huo dirisha hupitisha sauti badala ya kuizuia. Kwa dirisha la 4-12-4, mtetemo huo uko kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 245 hivi, katikati ya muungurumo wa ndege. Nafasi ikipanuliwa hadi milimita 100 na vioo vikiwa vizito zaidi, mtetemo hushuka hadi hezi 70 au 80, mahali ambapo haudhuru sana.

Kwa hiyo suluhisho tunalolipendelea kuliko yote ni kuliacha dirisha la nje mahali pake, kulitengeneza lifunge vizuri, na kuongeza dirisha la pili upande wa ndani, kwa umbali wa milimita 100 hadi 200. Dirisha la pamoja la namna hiyo linaweza kukata desibeli 40 na zaidi, na halihitaji kubomoa ukuta.

Kioo cha ndani kiwe cha leminati, yaani vioo viwili vilivyogandishwa kwa utando laini wa plastiki katikati. Unene wa milimita 6.4 unatosha kwa nyumba nyingi. Chini kabisa ya njia ya ndege nenda 8.4 au 10.4. Utando ule hulainisha mtetemo. Kila kioo kina masafa ambayo kinakuwa dhaifu ghafla: kwa kioo cha kawaida, gawanya 12,000 kwa unene wake katika milimita upate hezi. Cha milimita 4 hudhoofika karibu na hezi 3,000, cha 6 karibu na 2,000. Ndiyo maana vioo viwili visiwe na unene mmoja. Vikilingana, vyote hudhoofika mahali pamoja, na mlio wa injini wakati wa kutua hupenya hapo hapo.

Namna ya kufunga:

1. Pima upana na urefu wa shimo la dirisha sehemu tatu, juu, kati na chini. Kuta haziko sawa. Fremu ikatwe kwa kipimo kidogo zaidi, ukitoa milimita 5 kila upande kwa ajili ya kizibo.
2. Kama ukuta hauna kina cha kutosha, jenga boksi la mbao ngumu ya milimita 35 au zaidi litokeze chumbani. Fremu mpya isiguse fremu ya zamani popote. Ikigusa, mtetemo unavuka kwa mbao au alumini na kazi yote ya nafasi inapotea.
3. Zungushia kuta za ndani ya nafasi hiyo sufi ya madini (blanketi la nyuzi laini za mawe au kioo) ya milimita 25, iliyofunikwa kwa kitambaa kinachopitisha hewa au bati lenye matundu. Inanyonya mwangwi kati ya vioo na kuongeza desibeli kadhaa kwa gharama ndogo sana.
4. Funga fremu kwa skrubu kila milimita 400, na isiwe mbali na kona kwa zaidi ya milimita 150. Dirisha la mita 1.2 kwa 1.2 lenye leminati ya 6.4 lina kilo 22 za kioo peke yake, kwa hiyo chagua bawaba na plagi za ukutani kwa uzito huo.
5. Ziba maungio ya fremu na ukuta pande zote. Ukiruka hata sentimita chache chini, mahali ambapo mkono haufiki vizuri, utaisikia ndege kupitia hapo.
6. Chagua dirisha la bawaba, lenye raba mbili zinazobanwa na kitasa chenye ndimi mbili au tatu. Dirisha la kuteleza linafunga kwa brashi, na brashi inapitisha hewa daima.

Kioo cha nje kinaweza kutoa ukungu wa maji kati ya vioo. Dawa yake ni dirisha la ndani libane kuliko la nje, ili unyevu wa chumbani usiingie katikati, na ule uliomo utoke nje. Ukiona ukungu kwenye kioo cha nje, raba za ndani hazijabana.

Jambo moja hatulilegezi: dirisha la chumba cha kulala lazima lifunguke kwa mkono, bila funguo wala zana, kwa ajili ya moto. Kama nje kuna nondo, weka zinazofunguka kutoka ndani. Usifunge kioo cha kudumu mahali ambapo mtu analala, hata kama kingekata sauti vizuri zaidi.

Madirisha ya luva hayana tiba. Nafasi kati ya vipande haziwezi kubanwa, na njia ni mbili tu: kuyabadilisha, au kuweka dirisha kamili la bawaba upande wa ndani na kuzihesabu luva kama mapambo.

Paa na dari

Kelele za barabarani huja kwa upande. Za ndege huja kutoka juu. Nyumba ya ghorofa yenye bamba la zege la milimita 150 juu yake ina takriban kilo 360 kwa kila mita ya mraba, na paa kama hilo si la kuhangaikia. Bati la unene wa nusu milimita lina kilo 4 au zaidi kidogo. Vigae vya zege ni vizito, kilo 45 hivi, lakini vina mianya kila vinapokutana. Kwa bati na kwa vigae, kinga halisi ni dari.

Kabla ya kuongeza uzito, mtu anayejua miundo aziangalie kenchi. Chukua chumba cha mita 4 kwa 4. Tabaka mbili za bodi ya jipsamu ya milimita 12.5, zenye kilo 9 hivi kwa mita ya mraba kila moja, ni kilo 290 hadi 300. Sufi ya madini ya milimita 100 yenye uzito wa kilo 40 kwa mita ya ujazo inaongeza 64. Pamoja na chaneli na skrubu, unaning'iniza kilo 400 juu ya kitanda. Kenchi zilizopinda, zilizoliwa na mchwa au zilizoungwa kwa misumari michache zitengenezwe kwanza.

Kwa chumba hicho utahitaji bodi 14 za mita 1.2 kwa 2.4, yaani 7 kwa kila tabaka pamoja na za kukata, sufi ya mita za mraba 16, na mirija 7 ya kizibo ya mililita 300.

Funga chaneli za chuma kwenye vishikio vyenye raba, siyo moja kwa moja kwenye mbao. Raba ndiyo inayokata mtikisiko unaoteremka kutoka kwenye paa. Tabaka la kwanza lifungwe kwa skrubu za milimita 25, la pili kwa za 38 au 42, kila milimita 200 hadi 230, na maungio ya tabaka la pili yasiangukie juu ya maungio ya la kwanza. Acha milimita 4 hadi 5 kati ya bodi na ukuta kuzunguka chumba chote, ujaze kizibo laini kwa kila tabaka. Bodi ikigusa ukuta, mtetemo unavuka.

Kosa la kawaida ni skrubu ndefu. Skrubu moja inayopita chaneli na kuzama kwenye mbao inaunganisha dari na paa, na raba ya pale inakuwa haina kazi. Kumi za namna hiyo zinaharibu dari nzima, na hakuna atakayeziona baada ya rangi kupakwa. Kaa na fundi wakati wa tabaka la pili, zitenge skrubu za tabaka hilo kwenye chombo chake, zisichanganyike.

Kosa la pili ni kuning'iniza dari mpya chini ya ile ya zamani kwa nafasi ndogo. Bodi nyembamba ya zamani, nafasi ya milimita 25, na bodi mbili mpya vinatengeneza ile springi tuliyoieleza kwenye madirisha, yenye mtetemo wa hezi 155 hivi. Muungurumo wa ndege unaweza kusikika zaidi kuliko kabla ya kazi. Ama ng'oa ya zamani, ama funga bodi mpya moja kwa moja juu yake pasipo nafasi, kama viunzi vyake vinabeba.

Taa za kuzamisha ni matundu. Taa 6 za kipenyo cha milimita 75 kwenye dari ya mita za mraba 16 zinaikwamisha dari hiyo kwenye desibeli 28, hata uweke tabaka ngapi. Tumia taa zinazokaa juu ya uso wa dari, ambazo tundu lake ni la waya tu. Mfuniko wa kupandia darini uwe wa plaiwudi ya milimita 18 iliyobandikwa bodi ya jipsamu, ukae juu ya raba, na uwe na komeo la kuuvuta ubane.

Sufi isifunike taa zinazotoa joto wala viungo vya waya, na nyaya nene za jiko au hita zisizikwe ndani yake bila fundi umeme kuhakikisha zinastahimili joto. Usizibe kabisa uwazi wa chini ya paa kwenye ncha za kenchi: nafasi ya juu ya dari inahitaji hewa, la sivyo unyevu utaozesha mbao. Kelele zinazoingia hapo punguza kwa kuweka mbao iliyobandikwa sufi, ielekezwe ili hewa ipinde mara mbili kabla ya kuingia. Weka na wavu, popo na panya hupenda sufi.

Milango

Mlango mwepesi wenye kiini cha karatasi unapitisha karibu kila kitu. Mlango wa mbao nzito au plaiwudi kamili, unene wa milimita 44, wenye raba pande tatu na kizibo chini, hukata desibeli 28 hadi 32. Chini ndiyo penye tatizo: uwazi wa milimita 10 kwenye mlango wa upana wa sentimita 90 ni karibu nusu asilimia ya eneo lake, na unaukwamisha kwenye desibeli 23. Funga kizibo kinachoshuka chenyewe mlango unapofungwa, au weka kizingiti chenye raba. Raba isiwe ngumu kiasi cha mtu kuacha kuusukuma mlango hadi mwisho. Mlango usiofungwa sawasawa ni kama uwazi.

Kati ya mlango wa nje na vyumba vya kulala, ukumbi mdogo wenye mlango wa pili unasaidia kuliko kuunenepesha mlango mmoja.

Hewa, kabla ya kuziba

Chumba kilichozibwa vizuri hakipumui. Watu wataamka na vichwa vizito, kuta zitaota ukungu, na mwishowe watafungua dirisha, na kelele zitarudi zote. Tenga lita 7 hadi 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu. Kwa wawili, lita 20. Bomba la kipenyo cha milimita 100 linapitisha kiasi hicho kwa mwendo wa mita 2.5 kwa sekunde, ambao hauna mvumo wa kusumbua.

Hewa iingie kupitia sanduku la kuzuia sauti. Tengeneza kwa plaiwudi ya milimita 18, urefu wa mita 1 hadi 1.2, njia ya ndani iwe milimita 150 kwa 150, na pande zote za ndani zibandikwe sufi ya madini ya milimita 50 iliyofunikwa kitambaa ili nyuzi zisiruke. Kwa nje litakuwa na milimita 290 hivi kila upande. Hewa iingie ubavuni mwa ncha moja na kutoka ubavuni mwa ncha nyingine, ili ipinde mara mbili. Njia iliyonyooka inapitisha sauti kama bomba. Weka feni ndogo ya bomba upande wa nje wa sanduku, ili mvumo wake nao upite kwenye sufi, na chujio mahali mkono unapofika. Hewa iliyotumika itoke kwa sanduku jingine la namna hiyo. Kiyoyozi cha ukutani hakihesabiki: kinazungusha hewa ileile. Kile kinachokaa dirishani ni tundu kubwa, na lazima kiondoke.

Sasa lile la hatari. Jiko la mkaa, hita ya maji ya gesi au kifaa chochote kinachochoma ndani ya nyumba huhitaji hewa yake. Ukiziba matundu yake, kinatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini. Usizibe kamwe tundu la hewa lililowekwa kwa ajili ya kifaa kama hicho. Jiko la mkaa lisitumike kabisa ndani ya nyumba iliyozibwa. Kama kuna gesi, fundi akague bomba lake la moshi baada ya kazi, feni zote zikiwa zinafanya kazi, na weka king'ora cha gesi hiyo karibu na vyumba vya kulala.

Kuta, na vitu visivyosaidia

Ukuta wa tofali au bloku uliopigwa lipu pande zote unatosha. Bloku zenye matundu zisizo na lipu zinavuja. Zipige lipu, basi. Ukuta mwepesi wa mbao unatibiwa kama dari: kiunzi kinachojitegemea kisichogusa ukuta, sufi, na tabaka mbili za bodi.

Trei za mayai na povu la studio hupunguza mwangwi wa sauti iliyokwisha ingia. Haziizuii kuingia, na zikishika moto hujaza chumba moshi kwa dakika chache. Pazia nzito hulainisha chumba kidogo tu. Stairofomu iliyobandikwa ukutani ni nyepesi na ngumu, na inaweza kuongeza mtetemo. Uzio mrefu husaidia kwa ndege iliyo ardhini, siyo kwa ile iliyo juu ya paa, na mstari wa miti haupunguzi kitu cha maana.

Ukimaliza, pima tena

Rudia vipimo vilevile, simu zilezile, mahali palepale. Sufi, raba na vioo vikiwekwa sawa, tegemea nyongeza ya desibeli 8 hadi 12 kwa chumba chenye madirisha na dari mpya. Ikiwa umepata 3 au 4 tu, kuna njia moja iliyobaki wazi. Weka spika nje, mita 2 kutoka dirishani, icheze mvumo mfululizo kama wa redio isiyoshika stesheni, kisha tembeza sikio ndani kandokando ya kila fremu, kila kona ya dari, kila soketi. Mahali mvumo unapokuwa mkali na mwembamba, kama mluzi, pana mwanya. Ukisikika mzito na kutoka pande zote, tafuta dari: skrubu iliyozama, bodi inayogusa ukuta, au fremu mbili za dirisha zilizogusana.

Raba huchoka. Kila mwaka funga kipande cha karatasi kwenye kila upande wa dirisha na mlango, kisha kivute. Kikitoka bila kukwama, rekebisha kitasa kwanza. Kama bado kinatoka, badilisha raba ya upande huo.